Jina la Mdhamini

Mama Bahati alikuwa na kufuli mbili, moja ya mlango na moja ya sanduku, na funguo zake alizifunga kwenye pindo la khanga akalala nazo. Akienda chooni, hatua kumi na tano tu kutoka mlangoni, anafunga. Akirudi, anafungua. Watu wa Mkanyeni, kitongoji cha huku chini upande wa Bendera, walikuwa wameshaijua ile sauti, na wapo waliomwigiza kwa ulimi akipita na ndoo: klak, klak. Mchekeni basi, lakini msikilizeni kwanza.

Yeye na mumewe Erasmo walikuwa wameteremka Same wiki sita zilizopita, wakitokea Kasulu, na katika wiki hizo sita walipata kazi tatu, zote za kuonjeshwa. Mwenye shamba la vitunguu alimwambia Erasmo, "Fanya siku nne niuone mkono wako." Siku ya tano akamwambia mkono wake mzito. Mwenye mgahawa karibu na stendi alimwambia Leticia, maana ndilo jina lake Mama Bahati, aoshe vyombo wiki moja ya majaribio. Wiki ilipoisha akakuta binti mwingine ameinamia karai, naye yuko kwenye majaribio. Wa tatu aliwafyatulisha matofali, mke na mume, mtoto kalala kivulini, kisha akazima simu mpaka leo. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Leticia alikuwa ameshafika mahali pa kushtukia hata salamu.

Chumba walikuwa wamepanga kwa Bibi Yudith, mjane wa Kipare aliyekaribia miaka sabini, watoto wake wote wako Dar es Salaam. Alikuwa bibi wa maneno machache. Akipita jirani wataongea Chasu, Kipare chao, pale uani, sauti chini, na Leticia akitokeza na beseni lake wananyamaza, au wanahamia kwenye Kiswahili cha mvua na bei ya mahindi. Nani asiyejua maana ya hiyo?

"Wanatusema," alimwambia mumewe.

"Wanasema habari zao."

"Habari zao ndiyo sisi, Baba Bahati. Sisi tu ndio wapya hapa."

Jumatano Erasmo alirudi mbio, shati mkononi. "Wanaandika watu! Shamba la mkonge. Wanataka wakataji hamsini, Jumatatu asubuhi, getini. Kuna nyumba za wafanyakazi, kuna zahanati, na mshahara wa mwezi si wa siku."

Leticia hakuinuka. "Wanataka nini?"

"Namba ya kitambulisho, ya NIDA, ninayo."

"Na nini kingine?"

Erasmo akavaa shati lake taratibu, kifungo kimoja kimoja. "Barua ya mwenyekiti wa kitongoji, yenye muhuri. Na ndani yake jina la mdhamini. Mzaliwa wa hapa."

"Mkonge nao siku hizi unakatwa kwa barua?" akauliza Leticia. Lakini alikuwa ameshaanza kuhesabu. Unga wa debe ulikuwa umebaki wa siku tisa, na baada ya hizo tisa hapakuwa na mpango wowote duniani ila hilo geti.

*

Mwenyekiti Eliufoo aliwapokea Alhamisi asubuhi akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anapiga msasa mpini wa jembe. Alikuwa mtu mpole wa uso, na wapole ndio waliomtisha Leticia kuliko wote.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Karibuni. Mmetokea wapi vile?"

"Kasulu," alisema Erasmo.

"Kasulu ya huku kwetu au ya ng'ambo?"

"Kasulu ni moja tu, Mwenyekiti. Iko Kigoma."

"Najua iko Kigoma. Ukitoka Kasulu kwenda Kigoma mjini unapita wapi?"

"Kidahwe."

"Shule ya msingi ulisoma wapi? Mwalimu mkuu aliitwa nani? Alikuwa mrefu au mfupi?"

Erasmo akajibu yote. Mwanamume wa miaka thelathini na minne, baba wa mtoto, amesimama mikono nyuma anaeleza urefu wa mwalimu mkuu, na mke wa mwenyekiti, Devotha, amesimama mlangoni na mwiko anasikiliza. Leticia alimtazama mumewe shingoni, akaona mshipa umemtuna, akatamani amshike mkono waondoke. Lakini waende wapi?

"Msinichukie," Eliufoo alisema mwishowe. "Mwaka juzi niliwaandikia barua vijana wawili, waliniambia Kasulu, Kasulu. Kumbe walikuwa wamevuka mpaka, na hata hawajui waliuvukia wapi. Watu wa uhamiaji walinikalisha kwenye benchi siku nzima, mimi na umri huu, kama mwizi wa kuku. Tangu hapo siandiki barua ya mtu nisiyemjua."

"Utatujua vipi bila kutuandikia?" Leticia aliuliza.

Mwenyekiti akacheka, akapuliza unga wa mti kwenye mpini. "Mtu hujulikana, mama. Kesho watu wote tuko mferejini. Njooni Jumamosi."

Njiani Leticia alitema mate. "Umeona? Ametupiga tarehe. Anataka kitu kidogo."

"Hakusema."

"Wakisema ndiyo utawaona wajinga. Hawasemi."

*

Jioni ile pembe ilipigwa. Mtu mmoja alipita njia ya katikati akipuliza pembe ya mnyama, akisimama kila baada ya nyumba nne, anatangaza kwanza kwa Chasu, halafu kwa Kiswahili: "Kesho msaragambo! Mfereji umefukiwa kule juu! Kila nyumba mtu mmoja na jembe! Saa kumi na mbili!"

Leticia alikuwa anachuja uji. Akatoka na kijiko mkononi. "Kaka, samahani. Hiyo kazi ya kesho malipo ni kiasi gani?"

Yule mtu akamtazama, akamtazama tena. "Malipo?"

"Ndiyo, malipo. Kwa siku."

"Malipo ni maji, dada!" Akacheka mpaka pembe ikamtetemeka mkononi, akaendelea na njia yake, na Leticia akamsikia kule mbele akimsimulia mtu, nao wakacheka wawili.

Alirudi ndani amevimba. "Kazi nyingine ya kuonjeshwa hiyo. Tukachimbe mfereji wao, wamwagilie mashamba yao, halafu wakatuambie mkono mzito. Sisi tuna shamba? Tuna hata mche mmoja wa mchicha?"

Kwao Kasulu nako watu walilimiana, Erasmo alilijua hilo, na Leticia alilijua. Lakini kwao ni kwao. Unamlimia mtu unayemjua mama yake. "Labda niende tu," alisema. "Mwenyekiti alisema watu wote wako huko."

"Aliita jina lako? Alisema Erasmo njoo? Siku nne za vitunguu hazijakutosha?"

"Zimenitosha."

"Basi lala."

Akalala. Na hapo ndipo walipokosea, jamani, wala si kwa uvivu. Erasmo hajawahi kuwa mvivu tangu azaliwe.

Ijumaa alfajiri Leticia alisikia mlango wa Bibi Yudith ukifunguka. Akachungulia penye ufa. Bibi alikuwa amefunga kitenge kiunoni, jembe begani, na kibakuli cha makande kwenye mfuko wa plastiki. Alisimama uani akitazama mlango wao. Akakohoa. Akasubiri. Akakohoa tena, kikohozi cha mtu asiyekuwa na kifua.

"Anatupeleleza," Leticia alinong'ona.

Bibi akaondoka peke yake.

Alirudi jioni, tope mpaka magotini, anauvuta mguu wa kushoto. Leticia alikuwa mlangoni anamchana mtoto. Sijui ni nini kilimsukuma, labda alitaka kuhakikisha tu kwamba wao ndio waliokuwa na akili. Akauliza, "Pole na kazi, Bibi. Wamewalipa ngapi?"

Bibi Yudith aliliegemeza jembe ukutani. Alimwangalia muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha njia asichokielewa. Kisha akaenda kuoga.

*

Jumamosi Eliufoo hakuwa tena mpole. Alikuwa na daftari la shule mapajani.

"Msaragambo wa jana," alisema, akalamba kidole, akafungua. "Nyumba ya Mshana, mtu mmoja. Nyumba ya Kiondo, watu wawili. Nyumba ya Yudith..." Akainua macho. "Unajua nimeandika nani hapa? Yudith. Bibi wa miaka sitini na tisa amesimama ndani ya tope tangu saa kumi na mbili, anapokea karai na kupitisha, anapokea na kupitisha. Watu wakamwambia, bibi, kapumzike, wewe una mwanamume kwenye nyumba yako. Akasema labda mgonjwa. Nikatuma mtu aje aangalie huyo mgonjwa. Akamkuta mgonjwa anakula muwa."

Erasmo aliinamisha kichwa. Muwa ulikuwa wa kweli.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Eliufoo aliendelea. "Ninyi mna wiki sita. Maji mnayokunywa yanapita wapi? Mkeo anayachota wapi?"

"Mwenyekiti, hatukujua," Leticia alisema. "Tulidhani ni wale wale. Sisi tumefanyishwa kazi za bure na watu watatu, Same, vitunguu, matofali..."

"Mama. Watu wa Same siwajui, na ninyi siwajui. Ndilo jambo lenyewe. Mtu hapa hajulikani kwa kitambulisho, anajulikana kwa kuonekana mferejini. Ningekuona jana, Erasmo, saa moja tu, ningekuandikia leo asubuhi. Kalamu nilikuwa nayo." Akalifunga daftari. "Akitokea mzaliwa wa hapa akasimama mbele yangu akasema nawafahamu watu hawa, na jina lake liwemo kwenye barua, sawa. Mimi mwenyewe sisemi uongo mara mbili."

Walipofika nyumbani Erasmo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mwombe bibi," Leticia alisema.

"Nimwombe kwa mdomo upi? Yeye ndiye aliyetuchoma."

"Hakutuchoma. Alisema mgonjwa."

"Wewe ndiye uliyeniambia anatupeleleza! Wewe ndiye uliyeniambia lala!" Hakuwa amewahi kumpazia sauti mkewe kiasi kile. Mtoto akaanza kulia. Erasmo akasimama, akaingia ndani, akakaa huko kitambo wakati Leticia anambembeleza Bahati nyuma ya nyumba, kisha akatoka na mfuko wa rambo kwapani. "Naenda Same. Kuna mtu anaitwa Chande pale stendi, anajua kuunganisha watu."

"Kuunganisha na nini?"

"Jumatatu nitakuwa getini," alisema, "hata kwa barua ya jani la mgomba." Akaondoka. Jioni simu yake ilikuwa imezimwa.

*

Jumapili asubuhi Leticia alifungua sanduku atoe doti ya kitenge, ile aliyopewa na mama yake siku anaolewa, hajaivaa mara tano. Haikuwepo. Akatoa nguo zote. Akatikisa sanduku. Kufuli nzima, sanduku zima, kitenge hakuna.

Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na damu ikampanda kichwani. Mwenye nyumba lazima ana funguo za akiba, wenye nyumba wote wanazo! Ndiyo maana alikuwa anakohoa mlangoni. Ndiyo maana anaongea kwa kunong'ona. Leticia akatoka uani na mtoto mgongoni.

"Bibi Yudith! Bibi Yudith, nataka kitenge changu!"

Bibi alikuwa amevaa tayari kwa ibada, kitabu cha nyimbo mkononi. Majirani wakatokeza, mmoja na mswaki mdomoni.

"Kitenge gani?"

"Unakijua! Mmetunyima kazi, mmetunyima barua, sasa mnatuvua na nguo!"

Kumwita mtu mzima mwizi, Jumapili, mbele ya watu, tena na kitabu cha nyimbo mkononi! Yule mwenye mswaki alitema povu akasahau kufuta mdomo.

Bibi Yudith aliufungua mlango wake wazi. "Ingia. Tafuta."

Leticia akaingia. Asingeingia ingekuwa afadhali. Kitanda kimoja, godoro limeliwa pembeni, kalenda ya kanisa, sufuria tatu, gunia la mahindi lililofika nusu. Chini ya kitanda palikuwa na viatu vya marehemu mumewe, vimepakwa mafuta. Mguu wa kushoto wa kitanda ulikuwa umeegemezwa tofali. Alifungua sanduku la bibi kwa sababu alishaanza na hakujua jinsi ya kuacha. Humo mlikuwa na shuka moja na dawa ya kuchua miguu. Akalifunga.

"Umemaliza?" Bibi aliuliza toka mlangoni.

"Nimemaliza."

"Kufuli ya sanduku lako imevunjwa?"

"Haijavunjwa."

"Funguo unalala nazo wapi?"

Leticia alishika pindo la khanga. Funguo zilikuwepo. Na jana, alipombembeleza mtoto nyuma ya nyumba, khanga ile aliiacha ndani na nani? Akaukumbuka ule mfuko wa rambo, akaketi palepale sakafuni kwa bibi wa watu, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alilia bila sauti, mtoto mgongoni anachezea nywele zake.

Bibi Yudith alimwacha alie. Akawafukuza majirani kwa maneno mawili ya Chasu. Kisha akakaa kitandani, polepole, mguu wa kushoto mbele.

"Mume anayeiba kitenge cha mkewe si mwizi," alisema. "Ni mume tu. Nauli inatafutwa."

"Nisamehe, Bibi. Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Unafunga mlango ukienda chooni. Mwanzoni nilichukia, nikasema huyu ananiona mimi nani? Baadaye nikasema, mwache. Nimepangisha chumba hiki kwa watu wengi. Waliokuwa na mpango wa kukimbia walikuwa na adabu sana. Shikamoo Bibi, asante Bibi, siku ya mwisho wa mwezi hawapo. Wewe umekuja kunitukana mchana kweupe kwa ajili ya doti moja. Mtu wa kupita hagombani hivyo. Wewe una nia ya kukaa." Akasimama. "Nifute vumbi hapa nyuma. Tunakwenda kwa Eliufoo, atakuwa anatoka kanisani."

"Kwa nini, Bibi? Baada ya..."

"Usiniulize kwa nini nitabadili mawazo."

Eliufoo aliwasikiliza kwenye kibaraza, suti yake ya Jumapili ikimbana kwapani. Alimuuliza Yudith mara tatu kama ana hakika. Mara ya tatu bibi alimwambia, "Eliufoo, nilikubeba mgongoni wakati mama yako anavuna maharage. Andika." Akaandika. Jina la Erasmo, namba ya NIDA, na chini yake: mdhamini, Yudith Senzota, mzaliwa wa hapa. Akapiga muhuri, akaupulizia. Halafu akamwonyesha Leticia kidole. "Ijumaa ijayo mferejini. Wote wawili."

"Wote wawili, Mwenyekiti. Na mtoto!"

Na kwa mara ya kwanza Mkanyeni, Devotha alimkaribisha chai.

Usiku ule Leticia aliiweka barua ndani ya kitabu cha kliniki cha Bahati isije ikakunjika. Alimpigia Erasmo mara nane. Simu ilikuwa imezimwa. Hakuwa na hofu sana, maana alijua kesho atamkuta wapi.

"Nakwenda na wewe," Bibi Yudith alisema. "Nione kwa macho yangu jina langu linapelekwa wapi."

*

Kutoka Mkanyeni mpaka getini ni mwendo wa saa moja kwa miguu ya kijana, na kwa mguu wa bibi ni zaidi ya mbili. Waliondoka alfajiri. Leticia alibeba mtoto mgongoni, barua kifuani, na njia nzima alikuwa anaongea, yeye ambaye wiki sita alikuwa amefunga mdomo kwa kufuli ya tatu. Alimwambia bibi habari za mama yake, za migebuka, samaki wa kwao, za jinsi atakavyomnunulia dawa ya miguu mshahara wa kwanza ukitoka. Bibi aliitikia "mh" na "mh", lakini walipofika penye korongo alimshika Leticia bega kuteremka, na hakuliachia walipopanda upande wa pili.

Getini watu walikuwa zaidi ya mia mbili. Mistari mirefu ya mkonge ilianzia nyuma ya uzio ikaenda mpaka jicho linachoka. Karani mmoja anayeitwa Rodgers, kijana wa miwani, alikuwa ameketi nyuma ya meza anasoma barua kwa sauti ili mwenzake aingize kwenye kompyuta. Leticia alimtafuta mumewe kwenye mkia wa foleni. Hakumwona. Akamtafuta katikati. Alikuwa mbele kabisa, wa pili kutoka mezani. Amelala pale pale getini, nyasi bado ziko kichwani.

"Baba Bahati!" Akapenya. Watu wakaguna. "Baba Bahati, nimeipata! Bibi ame..."

Erasmo aligeuka, uso umemng'aa. Akamvuta karibu, akasema haraka haraka kwa Kiha cha kwao, kisha kwa Kiswahili maana furaha ilimchanganya lugha: "Usijali, mke wangu. Kitenge nitakununulia kingine, nitakununulia viwili. Chande amenifanyia. Muhuri, kila kitu."

"Muhuri gani?"

"Anayefuata!" Rodgers aliita, na Erasmo akapiga hatua, akanyoosha karatasi.

Bibi Yudith alikuwa ameshafika ubavuni pa Leticia, anapumua kwa nguvu, ameegemea meza kama mtu mwenye haki ya kuegemea.

"Erasmo Ntakije," Rodgers alisoma. "Mkazi wa kitongoji cha Mkanyeni. Mwenyekiti, Eliufoo. Sawa. Mdhamini, Fanueli Mbwambo, mzaliwa wa hapa." Akainua miwani. "Huyu Fanueli ni nani wako?"

"Ni jirani," alisema Erasmo. "Mzee mmoja mwema sana. Ananifahamu vizuri."

Mkanyeni hakukuwa na Fanueli. Leticia alilijua hilo, na bibi aliyekuwa amesimama pale, aliyezaliwa Mkanyeni akazeeka Mkanyeni akazika Mkanyeni, alilijua kuliko yeye. Leticia alihisi barua ikimchoma kifuani. Akiitoa, ziko barua mbili za mtu mmoja, siku moja, mwenyekiti mmoja, mihuri miwili, na moja ni ya uongo. Mumewe haingii kazini, anaingia kwenye gari la polisi. Asipoitoa, anaingia kazini kwa jina la mtu asiyekuwepo, na huyu aliyepo anatazama.

Hapo ndipo Erasmo alipomwona Bibi Yudith. Furaha ikamtoka usoni yote kwa mara moja.

"Na wewe mama, umeshika nini hapo kifuani?" Rodgers aliuliza. "Kama ni barua, wanawake wanaandikwa Alhamisi."

"Ni kitabu cha kliniki," Leticia alisema. "Cha mtoto." Akakitoa nusu waone jalada, na kona ya barua ikachungulia, akairudisha kwa kidole gumba.

Rodgers akageukia upande wa pili. "Na wewe, Bibi? Shikamoo. Umemleta nani?"

Bibi Yudith alimtazama Erasmo, nyasi zake kichwani, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Akamtazama Leticia, yeye kwa muda mrefu zaidi. Macho yake hayakuwa na hasira, na Leticia angetoa kila alichonacho ili yawe na hasira. Yalikuwa macho ya mtu anayejilaumu mwenyewe kwa ujinga wake.

"Marahaba, mwanangu," bibi alisema. "Sina mtu hapa. Nilikuwa napita."

"Haya. Erasmo, ingia ndani, uchukue panga na namba. Anayefuata!"

Bibi akageuka akaanza kurudi. Leticia alimkimbilia, akamfikia penye kivuli cha uzio. "Bibi. Bibi, sikujua. Naapa kwa mtoto huyu, sikujua."

"Inawezekana."

"Unaniamini?"

Bibi alisimama. Alifikiri, kwa haki kabisa, kama alivyokuwa anafanya mambo yake yote. "Jana ningekuamini," alisema. Akanyoosha mkono. "Nipe barua. Ina jina langu."

Leticia alifungua kitabu cha kliniki, akampa. Bibi Yudith aliikunja mara nne, ndogo kabisa, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Akashika njia ya korongoni peke yake, mguu wa kushoto ukivuta vumbi, wala hakugeuka kuona kama kuna mtu wa kumshika bega.

"Mama Bahati!" Erasmo alikuwa anaita toka ndani ya geti, panga jipya limeinuliwa juu, sauti yake kubwa kuliko alivyotaka. "Mama Bahati, nimeandikwa! Nimeandikwa!"

Leticia akainua mkono akampungia, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.